Brashi mbili tu: namna ya kuchagua brashi laini ya poda na blasha ukiwa Dar

Mwaka nilioanza kupamba nilinunua Kariakoo mkoba mweusi wenye brashi 24. Nilijiona nimeshakuwa fundi. Wiki mbili baadaye nikapewa sendofu Kinondoni. Bi harusi amekaa kwenye kiti cha plastiki, feni inavuma, nimemaliza midomo, narudi kwenye shavu kuongeza rangi kidogo. Brashi ikapukutika. Nywele tatu nyeusi zikanata kwenye mdomo wenye lipshaini, moja ikaingia jichoni. Shangazi yake, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza: "Mwanangu, unampamba au unamfagia?"

Katika zile 24, nilizokuwa nazitumia kweli ni nne. Za poda na blasha, ambazo ndizo hugusa uso mzima, ndizo zilizokuwa mbovu kuliko zote. Siku hizi mtu akiniuliza aanze na nini, namwambia: nunua brashi mbili nzuri, moja ya poda na moja ya blasha, hizo nyingine ziokoteze taratibu. Kanuni yangu kwenye kuzichagua ni moja. Ulaini wa brashi hupimwa na shavu lako pamoja na poda yako. Vidole vinadanganya, na bei inadanganya zaidi.

Hatua ya 1: Anza na poda uliyo nayo

Watu wengi huenda dukani kutafuta "brashi laini" kama vile ulaini ni kitu kimoja. Kabla hujatoka nyumbani, fungua poda na blasha yako, pitisha kidole mara moja bila kukandamiza, kisha kitazame.

Kidole kikitoka na rangi nyingi, kipodozi chako ni chepesi na kinaachia kirahisi. Hicho kinapatana na brashi laini sana, ya nywele ndefu zisizobanana, kwa sababu hutaki ibebe mzigo. Kama imekubidi ukwangue ndipo rangi itoke, basi kimeshindiliwa kikawa kigumu. Brashi laini kama pamba itapita juu yake bila kuchukua chochote, nawe utasema brashi ni mbovu. Hapo unataka nywele zenye nguvu kidogo, fupi, zilizosongamana.

Kwa ngozi zetu jambo hili lina uzito wa pekee. Blasha zinazotukubali ni zile zenye rangi kali: chungwa iliyoiva, zambarau, nyekundu, damu ya mzee. Kwenye kopo zinatisha. Ukizichota kwa brashi ngumu iliyojaa, shavu linageuka doa, na kulifuta ni kuharibu fondesheni iliyo chini. Kwa blasha hizo brashi laini inayochukua kidogo ndiyo inayokupa nafasi ya kujenga rangi taratibu. Lakini ile blasha ya waridi hafifu uliyoletewa zawadi, ukiipaka kwa brashi hiyohiyo, utazungusha mkono mpaka uchoke na kwenye kioo usione kitu.

Na kama blasha yako ni ya krimu, usinunue nywele za mnyama. Nenda moja kwa moja kwenye nywele bandia.

Hatua ya 2: Jua nywele zimetoka wapi

Hapa ndipo pesa inapopotea au kuokolewa, kwa hiyo tukae kidogo.

Unywele wa mnyama ukiutazama kwa hadubini una magamba madogo yaliyolaliana kama vigae vya paa. Chembe za poda hukaa humo, kisha huachiwa kidogo kidogo brashi inapopita usoni. Unywele bandia wa nailoni au poliesta ni mtelezo mtupu, kama mshipi wa kuvulia samaki. Ndiyo maana nywele bandia za zamani zilikuwa zikichota poda kwa fungu na kuimwaga mahali pamoja. Za siku hizi zimeboreshwa sana: ncha zinachongolewa ziwe nyembamba, na nyingine hutiwa mawimbi ili poda ipate pa kukaa. Asiyekubali kwamba brashi bandia nzuri inaweza kuishinda ya mbuzi ya hovyo hajashika brashi za karibuni.

Mbuzi ndiye mfalme wa brashi za poda. Nywele zake zina nguvu, zinabeba poda ya kutosha na zinavumilia kuoshwa. Ila mbuzi na mbuzi si sawa. Brashi nyingi za mbuzi za bei ndogo zimekatwa ncha kwa mkasi ili zipate umbo, na ncha iliyokatwa ndiyo inayochoma. Wajapani wana madaraja ya nywele za mbuzi, na daraja la juu huitwa saikoho: nyeupe, nyembamba, na ncha yake ya asili haijaguswa na mkasi. Mbuzi wenyewe kwa sehemu kubwa ni wa China, msije mkawaza mbuzi wa Vingunguti. Brashi ya saikoho ikioshwa mara ya kwanza hujazana kidogo ikawa kama kifaranga, na hapo ndipo uzuri wake unapoanza.

Kindi, hasa yule wa kijivu, ndiye mlaini kuliko wote. Unywele wake ni mwembamba na mwepesi, na ukipita usoni husikii mguso, unasikia kama upepo. Kasoro zake ni tatu. Hachukui poda nyingi, hapendi mafuta, na hapendi kuoshwaoshwa. Ukimpitisha kwenye fondesheni mbichi umemharibu. Kuna na la nne ambalo muuzaji hatakuambia: kindi hafugwi akanyolewa kama kondoo. Nywele zake hutoka kwenye biashara ya manyoya. Likikukera hilo, achana naye, hutakosa mbadala.

Farasi ana nywele imara zaidi, na kazi yake kubwa ni brashi za macho. Kwenye shavu simpendi.

Sasa swali ninaloulizwa na wateja wengi Waislamu: je, hii si nguruwe? Nywele za nguruwe zipo kwenye brashi za kuchania nywele na za kupakia rangi za ukutani. Kwenye brashi ya poda ni nadra, maana ni ngumu mno kwa uso. Lakini boksi lililoandikwa "nywele asilia" bila kutaja mnyama halijakujibu. Uliza ni mnyama gani. Muuzaji akibabaika, au akikujibu kwa mzaha wa kitimoto, chukua nywele bandia uwe na amani.

Ukisoma kuhusu brashi ghali utakutana na jina Kumano. Ni mji mdogo katika mkoa wa Hiroshima, Japani, ulioanza na brashi za kuandikia maandishi kwa wino katika karne ya 19, ustadi uleule ukahamia baadaye kwenye brashi za mekapu. Kampuni kama Hakuhodo na Chikuhodo zinatoka huko. Fundi wa Kumano hatengenezi umbo kwa mkasi. Huzitumbukiza nywele kwenye kikombe cha mbao ncha zikitazama chini, akagongagonga mpaka zijipange zenyewe, kisha akazifunga upande wa pili. Kwa hiyo ncha zote zinazogusa uso ni za asili. Heshima ya kazi hiyo si ndogo: mwaka 2011 timu ya taifa ya wanawake ya Japani ilipotwaa Kombe la Dunia la soka, serikali iliwazawadia wachezaji seti za brashi za mekapu za Kumano.

Hatua ya 3: Umbo na ukubwa, kwa vidole vyako

Sihitaji rula. Kichwa cha brashi ya blasha kisizidi upana wa vidole vyako viwili vilivyobanana. Kikizidi, rangi itafika puani na sikioni kwa mpigo mmoja. Cha poda kinaweza kufika vidole vitatu, hata vinne kama una uso mpana.

Kwa blasha napenda kichwa cha duara kilichochongoka kidogo juu, kama mshumaa unaowaka. Ncha inaweka rangi, tumbo linaisambaza. Brashi iliyokatwa mshazari inafaa kama unapenda kupandisha rangi kuelekea kwenye panja. Kwa poda, duara kubwa lililojaa linatosha. Ile ya umbo la feni iache kwanza.

Urefu wa nywele una maana kuliko umbo. Nywele ndefu zinayumba na kuweka rangi hafifu. Fupi zilizosongamana zinasukuma rangi ndani.

Hatua ya 4: Dukani

Ukienda Mtaa wa Kongo, nenda asubuhi, kabla hakujawa na watu wa kukusukuma. Ukienda duka la Mlimani City au Msasani una kiyoyozi na nafasi ya kujaribu, ila usidhani kiyoyozi ni cheti cha ubora. Popote uendapo, mazungumzo huwa hivi:

"Karibu dada, hii orijino kabisa."

"Ahsante kaka. Nywele ya nini?"

"Ya brashi, dada."

Cheka, kisha fanya ukaguzi wako mwenyewe. Omba brashi mpya iliyo kwenye karatasi yake, maana ile ya maonyesho imeshikwa na nusu ya Dar es Salaam. Ijaribu chini ya sikio, pale taya linapoanza, kwa sababu ngozi ya pale inafanana na ya shavu na haina poda. Kiganja hakisikii, kimezoea jembe na vitasa. Muuzaji akikukataza kujaribu usoni, usimgombeze, ana sababu zake. Tumia ndani ya kiwiko.

Kwanza ipitishe kwa ubavu. Karibu kila brashi duniani itafaulu hapo, na ndivyo wauzaji wanavyotuuzia. Pili, isimamishe wima na kuigandamiza polepole, kama unayegonga muhuri. Brashi iliyokatwa ncha itakuchoma kama mswaki. Tatu, izungushe ikiwa imesimama vilevile, mara tano. Kama ngozi inawasha, irudishe. Brashi ya blasha itazunguka shavuni kwako kila siku, na kuwasha kwa dukani hakutapona nyumbani.

Halafu ibane nywele kwa vidole viwili karibu na bati linalozishika. Zikiwa zimejaa utasikia kitu kigumu kama shina la mchicha. Vidole vikikaribia kugusana, ndani ni patupu. Zichane kwa vidole mara kumi: unywele mmoja au miwili kutoka ni kawaida kwa brashi mpya, zikiendelea kutoka, kumbuka shangazi wa Kinondoni. Tikisa mpini ukiwa umeshika bati. Ukisikia mchezo hata kidogo, gundi imeshaachia kabla hata hujailipia.

Itazame ncha dhidi ya mwanga wa mlangoni. Nywele ambazo hazijakatwa huishia kwa wembamba unaofifia, ukingo wa kichwa unaonekana kama ukungu. Zilizokatwa huishia ghafla, ukingo umenyooka kama zulia.

Na usisahau kinyume chake. Zipo brashi bandia laini mno, zinateleza kama hariri, ukizishika unatabasamu. Ziweke kwenye poda: hazichukui kitu. Mimi hubeba blasha yangu ngumu kwenye pochi. Namwambia muuzaji nitailipia brashi kama ikifaulu, kisha naigusisha mara moja na kuipitisha ndani ya mkono. Wengi hukubali ukiongea vizuri.

Kama umeambiwa ni nywele za mnyama na una shaka, chukua ule unywele uliotoka wenyewe, uuchome nyumbani kwa kiberiti. Wa mnyama utanuka kama nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayosagika. Bandia utayeyuka na kuacha kitone kigumu. Fanya hivi juu ya sinki, si juu ya kitanda.

Hatua ya 5: Bei, na kuagiza

Brashi kubwa ya poda ya nywele za kindi kutoka Japani inaweza kuvuka dola 100. Ndiyo, moja. Sikushauri uanzie hapo. Kwa mtu anayejipaka mwenyewe kwenda kazini, mpango wenye akili ni brashi ya poda ya nywele bandia nzuri, kisha pesa iliyobaki uitie kwenye brashi ya blasha ya mbuzi wa daraja la juu. Blasha ndiyo inayoumbua brashi mbovu. Poda inasamehe.

Ukikuta jina kubwa la Kijapani linauzwa kwa bei ya chipsi kuku, hujapata bahati. Angalia maandishi kwenye mpini kama yanabanduka kwa ukucha, na bati kama lina mshono uliofunguka. Hakuhodo ina duka lake la mtandaoni, na ukiagiza nje kumbuka kujumlisha usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 kabla hujajisifu kwamba umepata nafuu. Wengi wetu hutumia mtu anayetoka Dubai. Mpe picha, mpe jina kamili na namba ya brashi, mwambie asikuletee "inayofanana nayo".

Kama unapamba watu kwa malipo, hesabu yako ni nyingine. Brashi ya mteja lazima ioshwe kabla ya kumgusa mwingine, na kindi hataweza maisha hayo. Chukua nywele bandia za kutosha, seti mbili au tatu. Ya kindi iache nyumbani kwa ajili yako. Mimi ndivyo nilivyofanya, na mdogo wangu anaiazima bila ruhusa.

Hatua ya 6: Iokoe na maji na hewa ya Dar

Ioshe kabla ya kuitumia mara ya kwanza, kwa sababu ina vumbi la kiwandani na wakati mwingine rangi. Ikandamize ikiwa na maji kwenye tishu nyeupe. Za rangi huchuja kidogo mwanzoni.

Maji ndiyo adui ambaye hakuna anayemtaja. Mitaa mingi hapa tunatumia maji ya kisima yenye chumvi, na sabuni ya kipande ikikutana na maji hayo huacha utando mweupe unaonata. Brashi ikikauka inakuwa ngumu, unasema umeuziwa feki. Tumia shampuu ya mtoto, tone moja, na suuza ya mwisho iwe kwa maji ya kunywa. Kikombe kimoja kinatosha. Maji yawe vuguvugu, nywele zitazame chini, na bati lisizame, maana humo ndimo gundi ilimo.

Ya mbuzi ioshe kila baada ya wiki mbili au tatu kama unaitumia kila siku. Ya kindi subiri mpaka rangi ikatae kutoka. Kati ya hapo na hapo, baada ya kila matumizi ipitishe kwenye taulo safi kavu mpaka isiache alama. Spirti inakausha nywele za mnyama zikawa kama majani ya kiangazi, kwa hiyo iachie nywele bandia.

Kukausha kuna utaratibu wake. Ikamue kwa taulo bila kuinyonga, irudishe umbo kwa vidole, ilaze mezani kichwa kikining'inia nje ya ukingo ili hewa ipite pande zote. Feni sawa, jua hapana, drai ya nywele hapana kabisa. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, hewa yenyewe ina maji, na brashi nene ya poda inaweza kuchukua siku mbili. Usiirudishe kwenye mkoba kwa kuigusa juu tu. Fungua nywele katikati kwa kidole: kama ndani pana ubaridi, bado. Mkoba uliofungwa na brashi mbichi ndani yake utanuka ukungu ndani ya siku chache, na harufu hiyo haitoki.

Vile vifuko vidogo vya silika vya kunyonya unyevu, unavyovitupa ukinunua viatu, vitie kwenye mkoba wa brashi. Na brashi ya nywele za mnyama usiiache miezi kabatini bila kuifungua. Funza wa nondo wanaokula sufu wanaila pia. Niliwahi kufungua mkoba baada ya likizo ndefu ya Moshi nikakuta kichwa cha brashi kina njia katikati kama nywele za mwanafunzi.

Jambo la mwisho ni jasho. Ukishuka kwenye daladala na uso umelowa, usianze na brashi, hata iwe ya dola ngapi. Kandamiza tishu kwanza, ngozi ikauke. Bonyeza poda kwa pafu, kile kisponji laini cha kupakia poda, kwenye paji, pua na chini ya macho, kisha pitisha brashi ya poda kuondoa iliyozidi. Chovya ncha tu ya brashi ya blasha, igonge mara moja kwenye ukingo wa kopo, anzia pale shavu linapoinuka ukitabasamu na uvute kuelekea sikioni. Ukishafika sikioni, usirudi nyuma. Rangi haijatosha? Chovya tena.